Jerry Lawson: Mhandisi aliyeitenganisha gemu na mashine yake

VIJANA waliokulia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawahitaji kuelezwa kaseti ya gemu ni kitu gani. Kilikuwa kipande cha plastiki, mara nyingi cha rangi ya njano, kilichochomekwa juu ya mashine ndogo iliyounganishwa na televisheni. Kilipogoma kuwaka kilichomolewa, kikapulizwa kwa mdomo na kurudishwa mahali pake.

Kaseti hizo ziliuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, zikasambaa hadi kwenye vibanda vya mitaani ambako watoto walitoa sarafu na kucheza kwa zamu. Nyingi zilikuwa nakala za bei nafuu kutoka Asia. Juu ya jalada ziliandikwa kwa mbwembwe kwamba zina maelfu ya michezo, ilhali mnunuzi akifika nyumbani alikuta ni michezo ileile michache inayojirudia kwa majina tofauti.

Ni wachache miongoni mwa vijana hao waliopata kulisikia jina la Gerald Lawson, maarufu kwa jina la Jerry, Mmarekani mweusi aliyeongoza kazi ya kutengeneza mashine ya kwanza ya gemu ya nyumbani iliyotumia kaseti zenye programu ndani yake. Mhandisi huyo alifariki dunia Aprili 9, 2011, akiwa na umri wa miaka 70. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hata wacheza gemu wa nchini kwake hawakumfahamu.

Lawson alizaliwa Desemba 1, 1940 huko Brooklyn, New York, na kulelewa katika nyumba za serikali za eneo la Queens. Baba yake, Blanton, alikuwa mpakua mizigo bandarini, lakini aliyependa mno kusoma vitabu vya sayansi. Babu yake alikuwa amesomea fizikia. Hata hivyo, katika Marekani ya wakati ule mtu mweusi mwenye elimu hiyo hakupata mahali pa kuifanyia kazi, na mzee huyo akaishia kuwa mkuu wa ofisi ya posta.

Mama yake, Mannings, hakutaka mambo hayo yajirudie. Alizunguka shule moja baada ya nyingine akiwahoji walimu kabla ya kuamua mwanawe asome wapi, kisha akajiingiza katika chama cha wazazi na walimu hadi kuwa mwenyekiti wake. Ni jambo ambalo wazazi wengi wa leo, hata wa mijini, hawana nafasi wala ujasiri wa kulifanya.

Katika darasa la kwanza mwalimu wake alitundika karibu na dawati lake picha ya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi aliyezaliwa utumwani na kujulikana duniani kwa utafiti wake wa karanga. Lawson alisimulia uzeeni kwamba picha ile ndiyo iliyompa wazo kuwa naye anaweza kuwa mtu wa namna hiyo.

Kabla ya kutimiza miaka 15 alikwisha kuwa fundi. Alipofikisha miaka 13 alitaka leseni ya redio za ridhaa, zile ambazo mtu binafsi huzungumza na wenzake wa mbali kwa mawimbi. Aliambiwa kwamba lazima apate saini ya uongozi wa nyumba walizokuwa wakiishi, na uongozi ukakataa kutia saini. Kijana huyo akazisoma kanuni mwenyewe, akagundua kwamba kwa nyumba za serikali saini hiyo haikuhitajika, akaenda kufanya mtihani na kuufaulu.

Kituo chake cha redio kilikuwa chumbani kwake, antena ikining'inia nje ya dirisha. Fedha za vipuri alizipata kwa kutengeneza redio ndogo za mawasiliano na kuziuza, na baadaye kwa kutengeneza televisheni mbovu za watu, akizifuata majumbani mwao.

Alisoma katika Chuo cha Queens na Chuo cha Jiji la New York, lakini hakumaliza shahada. Elimu yake kubwa aliipata kazini, katika kampuni za vifaa vya elektroniki na zana za kijeshi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamia California, na mwaka 1970 akajiunga na kampuni ya Fairchild Semiconductor.

Fairchild haikuwa kampuni ndogo. Ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya viwanda vya chipu katika eneo linalofahamika kama Silicon Valley, na waasisi wa Intel walitoka humo mwaka 1968. Kazi ya Lawson ilikuwa kuwatembelea wateja na kuwaonyesha namna ya kuzitumia chipu za kampuni hiyo katika bidhaa zao. Alikuwa pande la mtu, mwenye kimo cha zaidi ya futi sita, na mhandisi mweusi katika fani ambayo weusi walihesabika kwa vidole. Alisimulia baadaye kwamba wapo waliozungumza naye kwa simu kwa muda mrefu, na walipokutana naye uso kwa uso wakashindwa kuuficha mshangao wao.

Kuanzia mwaka 1975 wapenzi wa kompyuta wa California walikuwa wakikutana katika klabu iliyoitwa Homebrew Computer Club. Lawson alikuwa mmoja wa wanachama wake wawili tu weusi. Wengine katika klabu hiyo walikuwa Steve Wozniak na Steve Jobs, walioanzisha kampuni ya Apple. Lawson aliwahi hata kumfanyia Wozniak usaili wa kazi, naye hakumpa kazi hiyo.

Mchezo wa kwanza wa Lawson haukuwa mpango wa kampuni. Katika gereji ya nyumbani kwake alitengeneza mashine ya kuchezewa kwa sarafu iliyoitwa Demolition Derby, ambamo magari hugongana, akitumia prosesa mpya ya Fairchild iitwayo F8. Mashine hiyo iliwekwa katika mgahawa wa pizza mjini Campbell, California.

Habari zilifika kwa wakubwa wake. Badala ya kumkemea, walimwita na kumpa kazi ya siri: aongoze kitengo kipya cha gemu za nyumbani. Siri ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata mkubwa wake wa kawaida hakuelezwa.

Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo ni lazima kutazama gemu za nyumbani zilikuwaje wakati ule. Mashine ya kwanza, Magnavox Odyssey, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, iliingia sokoni mwaka 1972. Ilikuwa na kadi za kuchomeka, lakini kadi hizo hazikubeba mchezo wowote. Zilibadilisha tu namna nyaya za ndani zilivyounganika, na michezo yote ilikuwa tayari imo katika mashine.

Mwaka 1975 Atari ilitoa Pong ya nyumbani, mchezo wa kurushiana kitone cha mwanga mfano wa tenisi ya mezani. Ilipendwa sana. Hata hivyo, aliyeinunua alinunua mchezo huo mmoja, na siku aliyouchoka mashine nzima ilikwenda kabatini.

Wazo la kuuondoa mchezo katika mashine na kuuweka katika kifaa cha kubadilisha halikuzaliwa kichwani mwa Lawson, na haki inadai lisemwe wazi kwa kuwa habari nyingi zinazomhusu hulipita jambo hilo. Wahandisi wawili wa kampuni ndogo ya Alpex huko Connecticut, Wallace Kirschner na Lawrence Haskel, walikuwa wametengeneza mashine ya majaribio ambayo michezo yake iliweza kuchomolewa na kuchomekwa. Fairchild ilimtuma Lawson akaikague, kisha ikanunua haki ya kuitumia. Miaka mingi baadaye Alpex iliishitaki Nintendo kwa hataza yake, ikashinda mwaka 1994 na kutunukiwa zaidi ya dola milioni 250, kabla ya mahakama ya rufaa kuutengua ushindi huo mwaka 1996.

Lakini kati ya mashine ya majaribio juu ya meza ya fundi na bidhaa ambayo mtoto wa miaka saba ataishika kwa mikono yenye sukari, kuna safari ndefu. Safari hiyo ndiyo kazi ya Lawson na wenzake, akiwamo mbunifu wa maumbo Nick Talesfore na mhandisi wa mitambo Ron Smith.

Kwanza waliiondoa prosesa ya Intel iliyotumiwa na Alpex na kuweka F8 ya Fairchild. Kisha ikaja kaseti yenyewe. Chipu za wakati ule zilikuwa vitu vya kuchomelewa kwa risasi kiwandani na kutoguswa tena. Hakuna aliyekuwa na uzoefu wa kumpa mnunuzi wa kawaida chipu aichomeke na kuichomoa mamia ya mara. Miguu yake ya chuma ingechakaa. Umeme tuli, ule unaomshtua mtu anapogusa kitasa baada ya kuburuza miguu juu ya zulia, ungeweza kuiunguza chipu kwa mguso mmoja.

Timu hiyo iliifungia chipu ndani ya ganda la plastiki la njano linalofanana na kanda kubwa za muziki zilizotumika katika magari ya Marekani, ikabuni mlango wa kuilinda na mpachiko unaostahimili kuchomekwa mara kwa mara. Programu ilikaa ndani ya ganda. Mashine ilibaki na prosesa, ikisubiri kuambiwa leo iwe mchezo gani.

Kikwazo kilichowachosha zaidi hakikuwa cha ufundi bali cha serikali. Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilikuwa na masharti makali kuhusu vifaa vinavyotoa mawimbi yanayoweza kuvuruga televisheni za majirani, na kifaa chenye prosesa ndani yake kilikuwa kigeni kwake. Ilibidi ubao wote wa saketi uzungushiwe aluminiamu, na sehemu ya kuchomekea kaseti iwekewe ngao ya chuma. Kila kaseti mpya nayo ilipelekwa kukaguliwa. Kijana aliyewahi kuzisoma kanuni za redio peke yake akiwa na miaka 13 sasa alikuwa mtu mzima wa miaka 35, na alikuwa bado anazisoma.

Mashine hiyo iliingia madukani Novemba 1976 ikiitwa Video Entertainment System. Bei yake ilikuwa dola 169.95, na kila kaseti iliuzwa dola 19.95. Baadaye ilipewa jina la Channel F, herufi F ikisimamia neno la Kiingereza lenye maana ya burudani.

Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo wachezaji wa leo huyaona ya kawaida. Mchezaji aliyekuwa peke yake aliweza kushindana na mashine, bila kumsubiri ndugu au jirani. Kulikuwa na kitufe cha kuusimamisha mchezo, ukiendelea kubaki pale pale ulipofikia. Na kishikio chake, kinachokamatwa kiganjani, kilisukumwa pande nane, kikazungushwa, kikavutwa juu na kugandamizwa chini.

Kwa Dar es Salaam ya mwaka ule habari hizo zingekuwa za sayari nyingine. Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini upande wa Bara vituo vilianza kurusha matangazo mwaka 1994 tu. Kilichokuwa kipya Kariakoo wakati huo ni jengo la soko lenyewe, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Amuli naye alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo katika fani yake ukanda huu.

Ushindi wa Channel F ulikuwa mfupi. Atari ilikuwa ikiandaa mashine yake ya kaseti, na ilipopata habari za Fairchild iliongeza kasi. Mwaka 1976 ilijiuza kwa kampuni ya Warner kwa dola milioni 28 ili ipate mtaji, na Septemba 1977 ikatoa mashine iliyokuja kujulikana kama Atari 2600. Picha zake zilikuwa na mwendo wa kasi zaidi, na Atari ilikuwa na michezo ambayo watu walikwisha kuipenda katika kumbi za sarafu. Mashine hiyo iliuzwa kwa mamilioni. Channel F iliishia laki chache.

Inafaa kusema bila kuuma maneno kwamba Fairchild ilijiangusha yenyewe. Ilikuwa kampuni ya chipu, iliyozoea kuuzia viwanda, na haikujua namna ya kumbembeleza mzazi dukani wakati wa Krismasi. Ilikwisha kupata hasara katika biashara ya saa za kidijitali, na ilipoona ushindani wa Atari haikuwa na moyo wa kuwekeza zaidi. Mwaka 1979 biashara hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Zircon.

Lawson aliondoka Fairchild mwaka 1980 na kuanzisha kampuni yake, Videosoft, miongoni mwa kampuni za kwanza za gemu kumilikiwa na mtu mweusi. Safari hii alitengeneza kaseti za Atari, mashine ileile iliyoizika ya kwake. Moja ya bidhaa zake haikuwa mchezo kabisa, bali kaseti ya kuonyesha mistari ya rangi ili fundi arekebishe televisheni. Ni wazi kwamba yule kijana wa kuzunguka nyumba za watu na bisibisi mkononi hakuwa amemtoka.

Soko la gemu la Marekani liliporomoka mwaka 1983, na kampuni nyingi ndogo zikafunga milango, Videosoft ikiwamo. Baada ya hapo Lawson aliishi kwa kazi za ushauri. Katika moja ya kazi hizo alishirikiana na mwanamuziki Stevie Wonder katika mradi wa saa ya kumwamsha mtoto kwa sauti ya mzazi wake. Saa hiyo haikufika sokoni.

Wakati huo huo kaseti iliendelea na safari bila yeye. Nintendo ya Japan iliichukua katika mashine yake ya mwaka 1983, ile ambayo nakala zake za bei nafuu ndizo zilizozagaa Asia, Ulaya Mashariki na Afrika, na hatimaye kufika Kariakoo. Kwa mfanyabiashara maana yake ilikuwa kubwa kuliko ufundi. Mashine ilinunuliwa mara moja, lakini kaseti zilinunuliwa, zikakodishwa, zikaazimwa na kubadilishana. Mwenye kibanda aliweza kuwa na mashine moja na kaseti kumi, na wateja wasichoke. Pong isingeweza kumlipia kodi ya fremu.

Afya ya mhandisi huyo ilidhoofika. Kisukari kilimpofusha jicho moja na kumpotezea mguu, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Nyumbani aliendelea kuchezea vifaa vyake, na kuandika kumbukumbu za maisha yake.

Jina lake lilianza kurudi polepole, hasa baada ya wapenzi wa historia ya kompyuta kumtafuta na kumhoji katika miaka ya 2000. Machi 2011, katika mkutano wa watengenezaji wa gemu mjini San Francisco, chama chao cha kimataifa kilimtunuku heshima kama mwanzilishi katika fani hiyo. Lawson alikuwepo kuipokea. Hakupita hata mwezi na nusu, akafariki dunia huko Mountain View, California, akiacha mke, Catherine, na watoto wawili, Karen na Marc.

Baada ya kifo chake mambo yalikwenda haraka kuliko yalivyokwenda katika uhai wake. Jumba la makumbusho la Strong mjini Rochester, New York, linalohifadhi historia ya michezo, liliyaingiza maisha yake katika maonyesho na hifadhi yake. Chuo Kikuu cha Southern California kilianzisha mwaka 2021 mfuko wenye jina lake wa kuwasaidia wanafunzi weusi na wazawa wa Amerika wanaosomea gemu na kompyuta.

Desemba Mosi, 2022, siku ambayo angetimiza miaka 82, mtandao wa Google uliweka picha yake katika ukurasa wake wa mbele pamoja na michezo midogo ya kuchezwa papo hapo. Aliyeifungua aliweza kuucheza mchezo, kisha kuufumua, kuubadilisha sehemu zake na kuucheza upya, ukurasa ukiwa ule ule.